Tundu la ufunguo: shimo ambalo leza huchimba ndani ya chuma kilichoyeyuka

Ukimulika bamba la chuma kwa leza, mwanga mwingi hudunda na kurudi ulikotoka. Shaba nyekundu ikiwa bado baridi ndiyo sugu kabisa: hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Sasa leza inawezaje kuchomelea chuma kinene kwa mshono mwembamba unaozama hadi chini? Siri ni shimo dogo linaloitwa tundu la ufunguo.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi na kuchemka karibu 2860. Miale ikikusanywa kwenye doa dogo, hadi kufikia takribani wati milioni moja kwa sentimita moja ya mraba, chuma hakiishii kuyeyuka. Kinatokota na kutoa mvuke. Mvuke unaporuka juu huukandamiza uji wa chuma ulioko chini yake, vile bunduki inavyompiga mtu begani risasi inapotoka. Uji unasogea pembeni, shimo linachimbika, na hapo ndipo mambo yanapogeuka: mwanga ulioingia hautoki tena kirahisi. Unagonga ukuta mmoja, unadunda hadi wa pili, na kila unapogonga unaacha joto. Bamba lililokuwa likinywa sehemu ndogo tu ya mwanga sasa linaunywa karibu wote.

Lakini kuta za shimo hilo ni za majimaji. Mvuke unazisukuma zibaki wazi, huku mvutano wa uso wa uji ukizivuta zifunge. Anayepika uji mzito ameshaona jambo hili: povu linapasuka, kishimo kinatokea, mara kinajifunga. Kwenye chuma, shimo likijibana karibu na kitako, mvuke hunaswa huko chini, chuma kinaganda juu yake, na kipovu kinabaki humo daima. Ufa unaweza kuanzia hapo.

Mwaka 2019 watafiti waliotumia eksirei za maabara ya Argonne, karibu na Chicago, walichapisha picha za kasi sana za mashimo haya ndani ya aloi ya titani, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine. Zilionyesha kwamba hutokea hata pale ambapo wengi walidhani chuma kinayeyuka tu juujuu.

Ndiyo maana kuongeza nguvu ya leza ovyo ni kosa. Shimo likiwa refu na jembamba kupita kiasi, kitako chake hakitulii, na fundi hataona dalili yoyote: mshono kwa juu utang'aa vizuri kabisa, na kipovu kiko chini yake.