Nani kamshika nani: mavazi na kamera kwenye filamu za mapenzi

Dhana: Anayepigwa picha kutoka chini ndiye mwenye nguvu, anayepigwa kutoka juu kashashindwa.

Mara nyingi ni hivyo, na ndiyo maana watu wameikariri kama jedwali la kuzidisha. Lakini tazama *Citizen Kane* (1941). Kashfa ya mapenzi imemwangusha Kane, tajiri wa magazeti, kwenye uchaguzi, na hapo hapo mwongozaji Orson Welles na mpigapicha wake Gregg Toland wanaishusha kamera karibu na sakafu, hadi dari inaonekana. Kane ni mkubwa kama mnara, na kashindwa vibaya. Baadaye mke wake Susan akimwambia hataki tena kuimba, Kane anamsimamia na kivuli chake kinaufunika uso wa Susan. Kivuli tu kinatosha.

Dhana: Aliyevaa vizuri zaidi ndiye bosi.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kwenye *Double Indemnity* (1944), Phyllis anatokea juu ya ngazi kajifunga taulo. Chini yake kuna wakala wa bima, suti kamili, shingo kaiinua. Nguo anazo wakala, mchezo anao mwenye taulo. Kisha Phyllis anashuka akiwa amevaa, na kamera inaifuata miguu yake na kile kikuku. Unaweza kusema ni macho ya mwanamume yanayomchambua. Sawa, ila kikuku kakivaa nani?

Dhana: Kumnunulia mpenzi nguo ni mahaba tu.

Muulize Judy wa *Vertigo* (1958). Scottie, mwanamume anayempenda, anamtaka avae suti ya kijivu, abadili rangi ya nywele, kisha azibane vilevile kama za mwanamke mwingine. Kila anapokubali, anapungua. Kim Novak, mwigizaji wa Judy, mwenyewe hakuipenda suti ile, mwongozaji Hitchcock alishikilia.

Dhana: Mbunifu wa mavazi na mpigapicha kila mtu na kazi yake.

Viatu vya kifahari havina maana kama picha inakatwa kifuani. Kwa hiyo mbunifu huuliza mapema kamera itakaa wapi. Koti lenye pedi pana, likipigwa kutoka nyuma ya bega, linaweza kula nusu ya fremu na kumbana mpenzi kwenye kona, bila yeyote kupandisha sauti.