Lori la msaada: mambo ya kukagua na kuandika kabla ya kukabidhi funguo

Lori kubwa lililotumika likitolewa kwa taasisi ya hisani linaweza kuwabebea watu mizigo kwa miaka mingi tu. Linaweza pia kuishia uani kwa mpokeaji, matairi yakapasuka kwa jua na panya wakatafuna waya. Linaloamua ni kama mpokeaji ana kazi inayolingana na lori hilo, na kama aliambiwa ubovu wake wote kabla ya kusaini. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji spana: mpigie mpokeaji simu, muulize anabeba nini, anakwenda umbali gani, na dereva mwenye leseni ya magari makubwa ni nani.

Kichwa cha trela kina maswali yake. Bila trela hakibebi hata gunia moja. Kama trela ipo, pima kingpini yake, yaani pini ya chuma chini ya trela inayoshikwa na sahani ya kichwa: kuna za inchi 2 na za inchi 3.5, na sahani iliyotengenezewa ya inchi 2 haishiki ya inchi 3.5. Angalia na umeme, maana kichwa cha volti 24 kikiunganishwa na trela yenye taa za volti 12, balbu zinaungua hapo hapo. Taasisi inayogawa chakula kwenye mitaa yenye barabara nyembamba itanufaika zaidi na lori la ekseli mbili lenye bodi ya kufunga na lifti ya nyuma kuliko kichwa cha kukokota tani 40. Gharama nazo zitajwe kwa namba. Lori la ekseli tatu lenye tairi pacha nyuma linavaa tairi 10, na injini ya lita 12 au 13 inameza kama lita 30 hadi 40 za oili kila inapobadilishwa. Mtu aliyezoea pikapu atashtuka, na ni afadhali ashtuke sasa kuliko mwezi wa pili.

Kwenye malori ya kisasa kuna jambo ambalo watoaji wengi hawalisemi: mfumo wa kusafisha moshi. Lori linalotumia maji ya urea linataka mchanganyiko wenye urea asilimia 32.5, safi kabisa. Maji hayo yakikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 huharibika mapema. Yakikauka kwenye nozeli huacha chumvi nyeupe inayoziba. Mfumo ukikosa urea au ukiwa na hitilafu, kompyuta hupunguza nguvu ya injini, na kwenye malori ya Euro VI (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi) hufika hatua ya kulizuia lisipite kilomita 20 kwa saa. Kichujio cha masizi nacho kinahitaji bomba la moshi lipate joto la kutosha kuyachoma. Lori lililozoea safari ndefu likiingizwa kwenye kazi ya kusimamasimama mjini, masizi yanajaa na taa ya onyo inawaka. Kama mpokeaji hapati urea kwa urahisi, au dizeli anayotumia ina salfa nyingi, mwambie wazi kuwa lori hilo halimfai. Kwake lori la zamani lenye pampu ya kawaida ya dizeli ni zawadi bora, hata kama limechubuka rangi.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mimi huanza na breki za upepo, kwa sababu ndizo zinazoua na kuzipima hakuhitaji mashine. Egesha pahali tambarare, zuia magurudumu kwa magogo, washa injini mpaka upepo ujae na kikaushio, kinachotoa unyevu kwenye upepo, kipumue. Kwa kawaida geji ya upepo itakuwa kati ya psi 120 na 130 (psi ni kipimo cha shinikizo), yaani bar 8 hadi 9. Zima injini, achia breki ya maegesho, kisha tazama geji kwa dakika moja. Lori lisilo na trela lisipoteze zaidi ya psi 2. Likiwa na trela, psi 3. Kanyaga pedali uishikilie dakika nyingine: mwisho ni psi 3, au psi 4 kwa lenye trela. Ikizidi hapo, paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba utafute mapovu. Baada ya hapo washa swichi bila kuwasha injini na upampu pedali. King'ora kilie kabla upepo haujashuka chini ya psi 55, na ukiendelea, kitufe cha breki ya maegesho kiruke chenyewe kati ya psi 45 na 20. Kisiporuka, lori lisitoke hapo.

Malizia kwa kufungua koki chini ya mitungi ya upepo. Maji kidogo si ajabu. Ute mweupe kama maziwa, unaoteleza ukiusugua vidoleni, maana yake kompresa, pampu inayojaza upepo, inapitisha oili na kikaushio kimechoka. Liandike hilo, kwa sababu oili hiyo inaendelea kula mipira ya valvu zote zilizo mbele yake.

Lori ambalo haliwaki lina hatari yake wakati wa kuvutwa. Upepo ukiisha, springi ndani ya chemba za breki hufunga magurudumu ya nyuma. Utahitaji upepo kutoka gari la kuvuta, au bolti maalumu ya kukaza springi kwenye kila chemba. Klampu inayofunga chemba hiyo usiifungue kamwe: springi iliyobanwa ndani ikifyatuka inaweza kumuua mtu. Na kama magurudumu ya nyuma yatazunguka barabarani, toa kwanza propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili ya giaboksi nyingi haifanyi kazi, kwa hiyo giaboksi nzima inaweza kuungua njiani kabla mpokeaji hajaiona.

Matairi yasomwe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata za tairi zinaweza kuonekana nzito huku mpira wenyewe umeshakufa kwa umri. Kwenye injini yenye moto, fungua kifuniko cha oili ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta: ikipiga pumzi kwa nguvu na kurusha oili, ringi zimekwisha. Chesi igongwe kwa nyundo na imulikwe kwa tochi penye hanga za springi. Ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti hausitiriwi na rangi.

Usipoteze pesa kupaka rangi. Ukiwa na kiasi cha kutumia, kitie kwenye breki, matairi ya mbele na betri. Na kama injini imekufa au chesi imepasuka, nashauri uuze lori kwa wanaonunua spea, ukatoe pesa taslimu. Taasisi ndogo haina karakana.

Makaratasi ndiko watu wema huumia. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, tarakimu na herufi zote, ambazo kwa kawaida ni 17. Mkopo uwe umefutwa kwa maandishi. Lori la kampuni linahitaji saini ya mwenye mamlaka. Jaza jina la taasisi wewe mwenyewe kwenye fomu ya kuhamisha umiliki. Fomu iliyosainiwa ikiwa tupu huruhusu lori lipite mikononi mwa watatu huku ajali na faini zikija kwa jina lako. Bima isikatwe mpaka umiliki uhame. Toa kifaa cha kufuatilia, kadi ya mafuta na nembo za kampuni. Waulize pia kama watalitumia au wataliuza, kwani jibu linaweza kugusa kodi. Marekani, kwa mfano, tangu 2005 taasisi ikiuza gari bila kulitumia ipasavyo wala kulitengeneza kwa kiwango kikubwa, punguzo la mtoaji kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi bei lililouzwa.

Siku ya makabidhiano weka kabini funguo zote, kitabu cha sevisi, jeki, spana ya magurudumu na karatasi ya ubovu uliyoiandika, isainiwe na pande zote mbili. Kama ulifungua gurudumu lolote kwa ukaguzi, mwambie dereva akaze nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100.