Simu ni ile ile, wasiwasi hutofautiana kwa umri

Wazazi wengi huniuliza mtoto akae na simu kwa saa ngapi ili asipatwe na wasiwasi. Kwa watoto wadogo kipimo kipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Akishavuka umri huo, kuhesabu saa peke yake hakutufikishi mbali.

Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000. Waligundua kuwa matumizi ya teknolojia yanaeleza asilimia 0.4 tu, pengine pungufu, ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Wapo waliotangaza basi kwamba simu haina neno. Wameharakisha, kwa sababu wastani wa watu wengi unaweza kumficha yule anayeumia.

Utafiti mwingine wa Orben na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulitumia takwimu za Uingereza za watu wa miaka 10 hadi 80. Wasichana wa miaka 11 hadi 13, wavulana wa miaka 14 na 15, kisha wote wanapokaribia 19: katika umri huo, kuongeza matumizi ya mitandao ya kijamii kuliendana na kupungua kwa kuridhika na maisha mwaka mmoja baadaye. Kinyume chake pia kilionekana. Kuridhika kulipopungua, matumizi yaliongezeka baadaye, na hilo halikubadilika kwa umri kati ya vijana wa miaka 10 hadi 21 waliofuatiliwa. (Kilichopimwa ni kuridhika na maisha, si wasiwasi wenyewe, sipendi viwili hivi vichanganywe.)

Hiyo njia ya pili ndiyo ninayoiona sana katika wasiwasi. Mwenye hofu hutafuta uhakika. Kijana anafungua simu kuona kama ujumbe wake umesomwa, mtu mzima anatafuta usiku maana ya maumivu ya kifua. Nafuu inakuja, lakini ni ya dakika chache, na ubongo unajifunza kwamba dawa ya hofu ni kuangalia tena. Usingizi nao unaliwa, na aliyelala vibaya huamka na wasiwasi zaidi.

Kwa wazee mambo hugeuka: hofu huwafanya wakiepuke chombo chenyewe. Sara Czaja na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2006 wa watu 1,204 wenye miaka 18 hadi 91, waliona kuwa hofu ya kompyuta na kutojiamini ni sehemu ya sababu za wazee kutumia teknolojia kidogo. Hofu hiyo si ujinga. Matapeli wapo, na kitufe kimoja kikibonyezwa vibaya fedha zinaweza kwenda. Tunaoharibu mara nyingi ni sisi jamaa zao: tunamnyang'anya mzee simu, tunamalizia kazi haraka, tunamrudishia. Anachojifunza hapo ni kwamba hawezi. Kidole kinachobonyeza kiwe chake, hatua aziandike kwa mkono wake, na arudie hata kama inachosha.

Isidhaniwe lakini kwamba uzee ndio unaoleta hofu hiyo. Mwenye miaka 75 leo alikutana na kompyuta akiwa mtu mzima tayari. Wenye miaka 20 wakifika umri huo huenda wataogopa vitu vingine kabisa, ndiyo maana takwimu za mwaka mmoja hazitoshi kutenganisha athari ya umri na ya kizazi.

Kupima wasiwasi, wahudumu wengi hutumia dodoso la GAD-7. Lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 21. Alama 10 au zaidi humaanisha mtu achunguzwe zaidi. Peke yake si utambuzi wa ugonjwa. Hakuna swali hata moja linalotaja simu. Kwa hiyo anayeshindwa kulala, kufanya kazi au kutulia amwone mtaalamu, hata kama simu haitumii sana. Akiwa nayo, aje nayo: rekodi ya muda iliyomo ndani ni sahihi kuliko makadirio ya kichwani, na itatuonyesha ni saa ngapi za usiku anazoifungua.