Je, kila mwanamgambo wa vita vya uhuru wa Marekani alipata pensheni?

Wengi huamini kwamba kila aliyepigania uhuru wa Marekani (1775–1783) alilipwa pensheni, na kwamba asiyeonekana katika orodha za malipo hakupigana. Sivyo ilivyokuwa. Sheria ya 1818 iliwahusu askari wa jeshi la kudumu na la majini waliokuwa wahitaji. Wanamgambo wengi walisubiri hadi sheria ya 7 Juni 1832, nayo ilidai utumishi usiopungua miezi sita, sharti gumu kwa watu walioitwa kwa wiki chache, wakarudi shambani, kisha wakaitwa tena.

Kwa kuwa vyeti vingi vya utumishi vilikuwa vimepotea, mwombaji, mzee wa miaka sabini na kitu, alisimama mahakamani, akaapa, akataja makamanda wake na njia walizopita, huku mchungaji na jirani wakithibitisha kwamba ni mtu wa kuaminika. Ushahidi huo una thamani kubwa, ingawa baada ya miaka hamsini tarehe huchanganyika.

Anayetaka kuhakiki kama mtu fulani alipigana asome majalada ya maombi, yakiwemo yaliyokataliwa, kisha alinganishe majina ya makamanda na orodha za kikosi. Maombi mengi yalikataliwa kwa sababu miezi sita haikutimia, wala si kwa sababu mwombaji alidanganya.