"Ongeza sekunde" si dawa

Juma hili nimeisikia tena: "Mwalimu, kitufe kilikuwa hakiitiki, nikaongeza sekunde mbili, sasa kiko sawa." Hakiko sawa, na sitachoka kulisema hili.

Kijana huyo anatengeneza ukurasa wa nyumba ya wageni kule Shela, Lamu. Orodha ya vyumba huletwa na fetch, amri ya kuomba data, kutoka kwenye seva, kisha JavaScript, lugha inayoendesha ukurasa, huipachika kwenye ukurasa, kila chumba na kitufe chake cha kuweka nafasi. Msimbo wa vitufe ameufungia ndani ya setTimeout ya 2000, yaani amri ya kungoja milisekunde 2000, sekunde mbili, kabla ya kuendesha kazi. Kwenye kompyuta yake, ruta ikiwa pembeni, mambo yalikwenda vizuri. Mwenye nyumba akafungua ukurasa kwa simu akiwa kwenye boti akitoka Mokowe, gati ya upande wa bara. Akabonyeza mara tatu. Kimya.

setTimeout husubiri saa, basi. Haijui kama seva imejibu. Hata hizo milisekunde 2000 ni kiwango cha chini tu: zikiisha, kazi yako inaingia foleni nyuma ya shughuli nyingine za ukurasa. Sasa mtandao uwe mzito, jibu lije sekunde ya nne. Msimbo umeshawatafuta vitufe, kina .weka-nafasi, sekunde ya pili kwa querySelectorAll, amri ya kutafuta vitu ukurasani, ukapewa orodha tupu, forEach, inayopitia kitu kimoja kimoja, ikapita juu ya utupu huo bila kulalamika. Konsoli, dirisha la makosa la kivinjari, haina hata mstari mwekundu. Vitufe vinazaliwa baadaye na hakuna wa kuvisikiliza. Ukipandisha iwe 5000, mwenye mtandao mzuri anabonyeza vitufe vilivyokufa kwa sekunde tano, na mwenye mtandao mbaya bado hujamsaidia. Abiria wa Mokowe hapigi hatua kwa kuwa dakika kumi zimepita. Hupiga hatua boti ikishafunga gati.

Kwa hiyo funga kazi yako kwenye tukio, si kwenye saa. Kama wewe ndiye unayepachika vyumba, shughulikia vitufe mstari unaofuata, baada ya await, neno linalongoja jibu la seva. Mimi hupenda zaidi njia nyingine, na wanafunzi wangu wote hulazimika kuitumia: msikilizaji mmoja tu, kwenye div, yaani kisanduku, inayobeba orodha, ambayo imo tangu mwanzo kwenye HTML, maandishi yanayojenga ukurasa. Bonyezo hupanda kutoka kwenye kitufe hadi kwa mzazi wake, nawe unauliza event.target.closest('.weka-nafasi'), yaani kama kilichobonyezwa ni kitufe hicho au kimo ndani yake. Vitufe vije sasa au baada ya dakika mbili, vitasikilizwa. Ikiwa kinachopachikwa kinatoka kwenye msimbo wa watu wengine usioweza kuugusa, tumia MutationObserver, mlinzi wa kivinjari anayekuarifu ukurasa ukibadilika.

Wengine husema appendChild, amri ya kupachika kitu ukurasani, yenyewe inachelewa. Haichelewi. Mstari unaofuata, getElementById, inayotafuta kitu kwa id yake, inakipata kitu chako. Kinachongoja ni kuchorwa kwenye skrini, maana kivinjari huchora msimbo wako ukishamaliza zamu yake. Picha ni habari nyingine: naturalWidth yake, upana wake wa asili, ni 0 mpaka data zianze kufika, hivyo ukitaka vipimo ngoja tukio lake la load.

Kuna wanaoamini kwamba DOMContentLoaded, tukio la kivinjari kumaliza kuisoma HTML, inawakinga na kila kitu. Inahusu HTML iliyokuja na ukurasa; vyumba vya fetch havimo. Tena msimbo wako ukiingia tukio likiwa limeshapita, halirudi. Angalia kwanza document.readyState, inayokuambia ukurasa umefikia wapi kupakiwa.

Na script, kipande cha msimbo, iliyotiwa kwa innerHTML, yaani kwa kumimina HTML ndani ya kitu kilichomo ukurasani, haiendeshwi kabisa, hata uingoje hadi maghribi. Iumbe kwa createElement. Ila ukiumba mbili namna hiyo, maktaba ya ramani na msimbo wako unaoitumia, itakayowahi kufika ndiyo itakayotangulia. Ukitaka zifuate mpangilio, zote mbili ziwekee async = false kabla ya kuzipachika.

Nilimkalisha kijana, tukaifuta setTimeout, tukaweka msikilizaji mmoja kwenye div. Kisha nikamfungulia zana za kivinjari, tukapunguza kasi ya mtandao hadi 3G, jambo ninalotaka lifanywe kabla ya kazi yoyote kutoka mikononi mwangu. Vyumba vilichukua sekunde tisa kutokea. Akabonyeza kitufe cha kwanza kabla cha mwisho hakijachorwa vizuri, na fomu ya nafasi ikafunguka.