Goti jipya na gemu ya mitumba: wasemayo watu na ukweli wake

Mama alipotoka hospitali na goti la chuma na plastiki, majirani wa Majengo walikuja kumjulia hali, na kila aliyekuja aliacha ushauri.

"Lilaze goti mpaka lipone." Hili ndilo lililorudiwa zaidi, na ndilo baya zaidi. Mgonjwa husimamishwa siku ile ile ya upasuaji au kesho yake. Goti likiachwa limelala hukakamaa, na msuli wa mbele wa paja hunywea. Baadaye hata kukaa kwenye tuktuk huwa mtihani, maana kukaa kitini vizuri kunataka goti likunjike kama nyuzi 90.

"Mtu mzima huyu, acheze gemu ya watoto?" Haya yalizuka nilipoleta Wii kuukuu, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo inayochomekwa kwenye runinga, na ubao wake wa kusimamia, baada ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, kuturuhusu. Nintendo waliutoa ubao huo 2007 kwa mazoezi ya nyumbani. Una vihisio vinne, kimoja kila pembe, na kazi yake ni kuonyesha uzito wako umeegemea wapi. Aliyeumwa goti miaka mingi huwa amezoea kuutwika mguu usiouma mzigo wote, wala hajijui. Mama aliapa amesimama sawa, kumbe nukta nyekundu kwenye runinga imekimbilia pembeni.

"Kitu chenu kibovu hiki."

Akapanda mjukuu wake, nukta ikatulia katikati. Mama akanyamaza. Akapanda tena, akashika mgongo wa kiti, akauegemea mguu wa goti jipya kidogo kidogo, na nukta ikaanza kurudi. Mtaalamu alikuwa amemwambia jambo hilo mara kadha wa kadha!

"Basi fiziotherapia ya nini tena?" Ubao haujui goti limekunjika kiasi gani, wala hauoni kidonda. Uchunguzi wa Canada uliochapishwa 2012 uliongeza Wii juu ya tiba ya kawaida kwa waliobadilishwa goti, na haukuona tofauti kubwa na wale walioongezewa mazoezi mengine. Kwa hiyo ni nyongeza tu. Michezo ya kuruka na kujipinda tuliiacha. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, zima runinga uende hospitali.

"Hiyo ni ya wenye pesa." Wii iliacha kutengenezwa 2013, kwa hiyo zilizobaki ni za mitumba. Na asiye nayo aweke mizani mbili za kupimia uzito sambamba, mguu mmoja kwenye kila moja, namba zilingane. Stima zikikatika, Mama hutumia hizo. Namba anasomewa na mjukuu, kwa sababu akiinama kutazama mwenyewe tu, mizani inabadilika.