Si kweli kwamba namba kubwa zaidi ya skana huleta picha bora zaidi

Kuna ujumbe usioisha kwenye makundi ya WhatsApp: ukiskani picha za zamani za familia, weka namba ya juu kabisa, hata nukta 9600 kwa inchi, la sivyo utapoteza ubora. Sivyo.

Picha ya karatasi kwa kawaida haina maelezo mengi kupita nukta 300 hivi kwa inchi. Ukiweka 600 umetosheka. Ukipanda zaidi unanasa vumbi na mikwaruzo, na mara nyingi namba hizo kubwa ni za programu inayojaza nukta kwa kukisia. Picha ya inchi 4 kwa 6 kwenye 9600 hutoa faili la rangi la zaidi ya gigabaiti 6 lisipobanwa! Kompyuta nyingi hukwama hapo.

Huenda mkanganyiko unatokana na filamu ya kamera. Fremu ya slaidi ya milimita 35, yaani picha moja angavu kwenye filamu hiyo, ina milimita 24 kwa 36 tu, lakini imebeba maelezo mengi mno. Hiyo ndiyo inayohitaji 2400 hadi 4000. Inaelekea ushauri wa slaidi umehamishiwa kwenye karatasi.

Jaribu mwenyewe: skani uso uleule kwa 600, kisha 2400. Kuza zote mbili zilingane kwenye skrini, utazame kope. Je, kuna unywele wowote uliojitokeza upya?

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Anayeufuata huchoka baada ya picha chache, akaiacha albamu nzima huku rangi zikizidi kufifia. Mwambie aanze na 600.